Baiskeli ya Kikundi Ikilia, Tafuteni Chanzo Kwanza

Vikundi vingi tunavyovitembelea vina baiskeli ya kubeba maziwa, maji au mboga za soko. Ikianza kulia kwii-kwii, wengine huzoea tu, wengine humwaga oili kila mahali. Yote mawili ni hasara. Cheni kavu au iliyokwisha hula meno ya giya, na mwishowe kikundi hununua vyote pamoja badala ya cheni peke yake.

Sauti inatoka wapi?

Pindueni baiskeli. Mmoja azungushe pedali polepole, mwingine asikilize.

1. Inalia mfululizo ukizungusha pedali: cheni ni kavu au chafu. Kama ni baiskeli ya giya nyingi, angalieni pia vile vigurudumu viwili vidogo vya nyuma vinavyopitisha cheni. Navyo vikikauka hulia.

2. Inalia mara moja kila pedali ikizunguka: pedali imekauka, au pini ya mkono wa pedali imelegea. Pengine sauti hii husikika mtu akipanda tu.

3. Inalia hata bila kukanyaga, gurudumu likizunguka: si giya. Angalieni breki, madigadi na gololi za gurudumu.

Kusafisha na kutia oili

Sugueni cheni kwa brashi na mafuta ya taa, mbali na moto. Ipanguseni, ikauke. Kisha tieni tone moja la oili safi kwenye kila kiungo, mzungushe pedali, halafu mpanguse ile ya nje yote. Manake oili ikibaki nje hushika vumbi, na vumbi lenye oili husaga chuma kama msasa. Mafuta ya kupikia hayafai, hugandana. Oili iliyotolewa kwa injini pia haifai, ina uchafu wa chuma. Oili isiguse mahali breki inashika.

Kupima cheni

Chukueni rula ya shule. Wekeni sifuri katikati ya pini moja, mhesabu pini 24 zinazofuata. Ile ya 24 iwe kwenye inchi 12 kamili. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, badilisheni cheni. Ikipita kwa 1/8, huenda giya nazo zimekwisha, na cheni mpya itaruka juu ya meno.

Ya kujadili katika kikundi

Nani kati yetu anaangalia cheni kila wiki? Je, tumeweka akiba ya kununua nyingine kabla hii haijakatika na maziwa yakiwa njiani?