Uluguru kwa Siku Moja (2): Mlima wa Mji Kasoro Bahari

Wiki iliyopita tuliishia stesheni. Treni ya umeme ilikuwa imetushusha Morogoro jua likiwa bado changa, chini ya saa mbili tangu tuiage Dar es Salaam, na shemeji yangu, mzaliwa wa Moroni, kisiwani Ngazija, akawa amesimama kando ya mabegi akiukodolea macho ule ukuta wa kijani ulioegemea mji. Swali lake lilikuwa lile ambalo mtu wa Ngazija huuliza mbele ya mlima wowote: "Huu ulilipuka lini mara ya mwisho?"

Niliahidi jibu. Kwa kifupi, haujalipuka hata siku moja. Kwa kirefu, ilibidi tumkodi kijana wa kutuongoza siku nzima, sisi wawili tu. Ningeweza kuokoa fedha kwa kujiunga na kundi, lakini mimi husimama kila penye jiwe, na ndani ya kundi la watu kumi na wawili mtu wa tabia hiyo huwa ameshachukiwa ifikapo saa nne.

Wenyeji huuita mji wao "mji kasoro bahari". Maana yake ni kwamba Morogoro ina kila kitu, mito, matunda, muziki wa Mbaraka Mwinshehe, ila pwani tu. Nimelisikia jina hilo tangu utotoni nikalichukua kama majigambo ya kawaida. Siku ile nilishuka mlimani nikiwa na mashaka na hilo neno "kasoro".

Kijana wetu alikuwa Mluguru wa vijiji vya juu, na jambo la kwanza alilotufundisha ni jina. Lugulu ni mlima, kwa hiyo Mluguru ni mtu wa mlimani, na anayesema "Milima ya Uluguru" ametaja mlima mara mbili. "Sisi tunasema mlimani tu, mzee," akaniambia, "inatosha." Kibali cha kuingia msituni kilikuwa tayari. Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, na leo unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, basi. Tukapanda kwa njia inayoelekea Morning Site, ile nyumba ya enzi ya Wajerumani iliyo ubavuni mwa mlima, huku tukipishana na akina mama wanaoteremka na mikungu ya ndizi kichwani kwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu. Wao walikuwa wakiteremka kwa kasi tusiyoweza kuifikia hata kwenye tambarare.

Kitambo kidogo baada ya kuiacha lami, njia ikaanza kumetameta. Shemeji akaokota kipande chembamba kama ganda la kitunguu, akakipenyeza ukucha, kikabanduka tabaka kwa tabaka. Huo ni ulanga. Wajerumani waliuchimba Uluguru mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuwa haupitishi umeme na hauungui. Ulitumika kwenye vioo vya majiko na kwenye mitambo. Lakini kwetu ulanga ulikuwa ushahidi. Uji wa moto unaomwagwa na volkano hupoa upesi, na fuwele zake hukosa muda wa kukua, ndiyo maana jiwe la Ngazija ni jeusi, lenye matundu kama sifongo. Ulanga wenye kurasa pana kama kiganja hupikwa taratibu, chini sana, mahali ambapo joto haliondoki haraka.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mawe ya Uluguru yalipikwa na kukandamizwa zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, kwenye kina cha makumi ya kilomita, wakati mabara ya kale yalipogongana na kushikana. Baadaye sana ardhi ikapasuka kwa nyufa ndefu, bonge moja likainuliwa na jirani yake likadidimia. Mvua ikafanya kazi iliyobaki ya kuchonga. Mabonge ya namna hiyo yamejipanga kutoka Taita, Kenya, kupitia Upare na Usambara, yakashuka hadi Udzungwa; wataalamu huyaita Tao la Mashariki. Kilimanjaro, tunayoiimba na kuibandika kwenye kila kitu, ilianza kujijenga kama miaka milioni mbili na nusu tu iliyopita. Mbele ya Uluguru ni mtoto mchanga mwenye sauti kubwa.

Hapo ndipo kijana wetu alipotaja Matombo, upande wa pili wa mlima, ambako watu huchimba rubi. Rubi za huko hutoka ndani ya marumaru. Niliketi juu ya jabali nikamweleza: marumaru ni chokaa iliyopikwa, na chokaa ile, kabla haijapikwa, ilikuwa matope ya sakafu ya bahari. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo bahari ilikuwepo, ila imewekwa ndani." Nimesoma vitabu kadhaa vya jiolojia ya nchi hii, na sijakuta mahali ilipoelezwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Kufikia saa tano mawingu yalikuwa yamekifunika kilele cha Bondwa pamoja na minara yake ya mawasiliano, na maji yalikuwa yakisikika kila upande: kwenye korongo, chini ya migomba, ndani ya mfereji wa bustani ya mboga. Shemeji alizidi kuwa kimya. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa akihesabu vijito.

Msomaji ambaye hajafika Ngazija huenda asielewe. Kile ni kisiwa cha volkano hai. Volkano yenyewe, Karthala, ina mita 2,361, na mvua inayonyesha juu yake ni nyingi mno. Hata hivyo kisiwa kizima hakina mto hata mmoja wa kudumu. Jiwe la volkano changa lina matundu na mipasuko, maji yakigusa tu yanamezwa, yanatokea chini kabisa ufukweni yakiwa yameshachanganyika na chumvi. Kwa hiyo watu wengi huvuna mvua ya mapaa kwenye matangi ya saruji. Mwaka 2005 Karthala ilipotapika majivu, majivu hayo yaliingia kwenye matangi, na vijiji vikawa na maji yasiyonyweka. Shemeji alikuwa huko. Ndiyo maana alikuwa akihesabu.

Kwa nini basi huku maji yanabaki juu? Sehemu ya jibu ni uzee. Mwamba wa chini ni mgumu, hauna matundu, na juu yake umeoza kwa mamilioni ya miaka ukawa udongo mzito unaonyonya mvua na kuiachia polepole hata kiangazi. Sehemu nyingine ni msitu, ambao majani yake hukamua ukungu wenyewe. Na mvua inatoka wapi? Bahari ya Hindi iko umbali wa kilomita kama 180. Upepo wa kusi na wa kaskazi, uleule uliosukuma majahazi ya mababu, huvuka tambarare ya pwani bila kukutana na kizuizi hadi ufike hapa. Ukigonga mlima hulazimika kupanda, hupoa, na kuutua mzigo wake. Miteremko ya mashariki hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, wakati mji wa Morogoro, uliojificha nyuma ya mgongo wa mlima, hupata chini ya 1,000. Huko mashariki, Kinole na Tawa, iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu vinastawi kana kwamba ni Unguja. Kinole ndiko kwenye kiti cha machifu wa ukoo wa Kingalu, na ukoo huo ulisifika kwa kazi moja kuliko zote: kuita mvua.

Kuna mwaka mvua iliitika kupita kiasi. Karne ya 19 Mzigua mmoja, Kisabengo, alijenga chini ya mlima huu mji wenye ukuta wa mawe na minara, na baada yake akatawala binti yake, Simbamwene. Stanley aliuona 1871 akienda kumtafuta Livingstone, akaustaajabia. Aliporudi mwaka uliofuata alikuta mto umeusomba upande mzima wa ukuta pamoja na nyumba. Ni majira yaleyale ya Aprili 1872 ambapo kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja.

Juu ya Morning Site tuliingia msituni kwa saa moja tu. Nisiwachoshe na majina ya miti. Niseme tu kwamba chozi mmoja na ndege mwingine mkubwa kidogo, mwenye kofia nyeusi, mgongo wa kijani na tumbo la manjano, hawaishi popote pengine duniani isipokuwa Uluguru. Chozi tulimwona. Yule mwenye kofia alitusikilizisha sauti na kutunyima sura, au pengine kijana wetu alikuwa mkarimu tu.

Tulipoketi kula, nilimwuliza kijana kuhusu matuta. Wengi wetu tumefundishwa kwamba mkulima wa mlimani ni mbishi, kwamba alikataa kilimo cha ngazi na ndiyo sababu udongo umekwenda. Hiyo ni nusu ya habari. Miaka ya mwanzo ya 1950 Waingereza waliwalazimisha Waluguru kuchonga ngazi kwenye miteremko. Udongo wenye rutuba hapa ni ngozi nyembamba. Ukichonga ngazi bila uangalifu unaufukia na kuufunua udongo mwekundu usiozaa. Akina mama, ambao ardhi ya ukoo hupitia kwao, waliona mahindi yakidumaa kwenye shamba la ngazi huku ya jirani asiyechonga yakistawi. Mwaka 1955 watu waligoma, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Lakini nenda Mgeta, upande wa magharibi, utaziona ngazi hizohizo zikiwa zimejaa kabichi na viazi, kwa sababu kule kuna mifereji na samadi, na mboga zinalipa. Kijana akaongeza kwamba bibi yake mpaka leo husema "matuta" kwa sauti ya mtu anayetaja deni.

Tuliteremka saa tisa, magoti yakilalamika. Kwenye Mto Morogoro shemeji alivua viatu, akakaa juu ya jabali lililolainishwa na maji, akatumbukiza miguu. Akauliza mto huu unakwenda wapi. Kijana akamwelekeza kwa kidole: unaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu inapita Mlandizi, ambako mitambo ya Ruvu Juu huvuta maji ya Dar es Salaam. Nilikumbuka Oktoba 2022, mto uliposhuka na jiji likapangiwa mgao, sote tukigombana na mabomba bila hata mmoja wetu kuukumbuka mlima huu.

"Na yanayobaki?" akauliza shemeji.

"Yanatokea karibu na Bagamoyo, yanaingia baharini."

Akachota maji kwa viganja, akayatazama, akayanywa kabla hatujamzuia. Kijana alicheka, akamwambia kwamba juu yetu kuna akina mama wanafua. Shemeji akasema kwao wanakunywa ya kwenye paa, paka hulala humo, na hajafa.

Wiki ijayo tutavuka mgongo wa mlima hadi Kinole.

(Itaendelea)