Filimbi isiyo na treni: Muziki wa ujana unapokudai uzeeni

Na DAKTARI WETU

MZEE mmoja Mwingereza, aliyekuja nchini miaka mingi iliyopita kufundisha hisabati na ambaye Kiswahili chake hakina kasoro, alinijia kliniki na malalamishi ya ajabu. "Daktari," aliniambia, "usiku nasikia filimbi ya treni, na treni zangu zote nimezizima."

Nilidhani anatania. Kumbe mzee huyu wa miaka 70 ana chumba nyumbani kwake ambamo hutandika reli ndogo juu ya meza ndefu na kuendesha treni za umeme zinazotoshea kiganjani. Uraibu huu unapendwa sana Uingereza. Reli zake zina upana wa milimita 16.5 tu, ilhali reli ya kweli ya huko kwao ni milimita 1,435, sawa na reli yetu mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka wa 2017.

Kila jioni baada ya chakula hufunga mlango, akaketi kuunga reli moja baada ya nyingine. Chumba huwa kimya kabisa, na hapo ndipo filimbi inapoanza: nyembamba, ya juu, isiyokoma. Aliogopa kwamba ana uvimbe kwenye ubongo, au kwamba anarukwa na akili. Kwa miezi miwili hakumwambia hata mkewe. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mjukuu wake alipomsomea hadithi, alikuwa akiitikia tu "ndiyo, ndiyo" bila kusikia nusu ya maneno.

Nilimuuliza kama amewahi kufanya kazi kiwandani au kupiga bunduki. Alikataa. Nilipomuuliza kuhusu muziki wa sauti ya juu, uso wake ulichangamka.

Alinisimulia jinsi, akiwa mwanafunzi London katika miaka ya 1970, alivyokuwa akienda kusikiliza muziki wa roki usiku mara tatu kwa wiki. Hakwenda kwenye viwanja vikubwa. Alipenda vilabu vidogo, vingine vikiwa chini ya ardhi, ambako watu mia chache husongamana na mpiga gitaa yuko karibu kiasi cha kumrushia jasho. Mji huo ulijaa vilabu vya namna hiyo. Wapenzi wa muziki watakumbuka majina kama Marquee na 100 Club. Yeye na wenzake walisimama mbele kabisa, kando ya spika. Walitoka masikio yakivuma hadi asubuhi, na mvumo huo waliuhesabu kuwa dalili ya tamasha zuri.

Msomaji, mvumo ule haukuwa sifa. Ilikuwa ni ilani.

Sauti hufanyaje madhara?

Sauti ikiingia sikioni hutikisa kiwambo, kiwambo hutikisa vifupa vitatu vidogo, navyo hupeleka mtikiso ndani zaidi, mahali palipojizungusha kama gamba la konokono. Humo mna maji, na kiasi cha seli 15,000 zenye vinyweleo vidogo mno. Vinyweleo hivyo huinama mtikiso unapopita, kama nyasi zinavyoinamishwa na upepo, na seli hupeleka habari kwenye ubongo.

Upepo wa kawaida hulaza nyasi, nazo huinuka tena. Dhoruba huzing'oa. Seli hizi zikifa kwa mwanadamu hazioti tena, wala hakuna dawa ya kuzirudisha. Zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba. Ndiyo maana mtu hulalamika, "Nasikia mtu akisema, lakini sielewi anachosema." Herufi kama 's', 'f' na 'th' humpotea, akashindwa kutofautisha 'samani' na 'thamani'. Sauti za watoto humtatiza zaidi.

Na filimbi je? Ubongo ukikosa habari uliyozoea kuipata, hujaribu kuitafuta kwa kuongeza nguvu, kama mtu anavyofungulia redio sauti ya juu stesheni inapofifia. Badala ya habari, husikika mlio. Mchana kelele za dunia huuficha. Katika chumba kimya cha kutandikia reli hakuna cha kuuficha.

Kwa nini vyumba vidogo?

Uwanjani, ukijitenga na spika sauti hupungua haraka. Katika chumba kidogo chenye dari fupi, sauti hugonga ukuta na kurudi, na mahali pa kujitenga penyewe hapapo. Ngoma za bendi peke yake, bila kipaza sauti, zinaweza kupita desibeli 100.

Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini hushauri kwamba mfanyakazi asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda hukatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, na 91 ni saa 2. Zikifika 100, muda ni dakika 15 tu. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kumbi za muziki zisizidi wastani wa desibeli 100, ziwe na vizibo vya masikio na pia mahali patulivu pa kupumzikia.

Wanamuziki wenyewe hawakusalimika. Pete Townshend wa bendi ya The Who amesema waziwazi kwamba kelele zilimharibia masikio. Neil Young aliuguzwa na mlio huu baada ya ziara yake ya 1991, na albamu yake ya 1992, Harvest Moon, ikawa ya sauti ya chini. Young naye ni mpenzi mkubwa wa treni ndogo, na 1995 alikuwa miongoni mwa walionunua Lionel, kampuni ya Marekani inayozitengeneza. Mwimbaji Rod Stewart, aliyeanzia katika vilabu vidogo vya London, alijenga mji mzima wa treni ndogo kwa zaidi ya miaka 20, akiendelea na kazi hiyo hata katika vyumba vya hoteli akiwa ziarani. Mgonjwa wangu alifurahi sana kujua kwamba hayuko peke yake.

Nilimfanyia nini?

Kwanza nilitazama masikio yake, kwa sababu nta iliyoziba inaweza kuleta mlio. Nilimpima shinikizo la damu. Niliuliza dawa anazotumia, kwani kwinini, aspirini nyingi na baadhi ya sindano kama jentamaisini zinaweza kuleta tatizo hili. (Usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kumwona daktari.) Kisha nilimtuma akapimwe usikivu. Alikuwa amepoteza sauti nyembamba katika masikio yote mawili, kwa kelele za zamani pamoja na umri.

Sikumwahidi kuponya mlio. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuondoa, na anayekuuzia anakula pesa zako. Lakini upo msaada. Alipata visaidizi vya kusikia. Ubongo unapopata sauti za kweli, mara nyingi huacha kuhangaikia mlio. Chumbani aliweka redio ya sauti ya chini. Asiyepata usingizi anaweza kuwasha feni, na anayesumbuka sana hufaidika kwa ushauri nasaha.

Muone daktari mara moja iwapo usikivu wa sikio moja umepotea ghafla, hata kama huna maumivu. Hiyo ni dharura: tiba hufaa zaidi ikianza katika siku za kwanza. Usichelewe pia mlio ukiwa wa upande mmoja, ukipiga kama mapigo ya moyo, au ukiandamana na kizunguzungu. Usitie sikioni mafuta ya moto, kitunguu saumu wala njiti ya kiberiti.

Uraibu wake sikumkataza. Kazi ya mikono yenye utulivu hupunguza wasiwasi, na wasiwasi huukuza mlio. Nilimwonya tu alehemu nyaya za reli dirisha likiwa wazi, kwa kuwa moshi wake unaweza kuleta pumu. Anawe mikono kabla ya kula kwa sababu ya risasi. Na asiiname chini ya meza kwa saa nzima.

Alinionyesha jinsi anavyotandika tabaka la koki chini ya reli ili treni zisipige kelele kwenye ubao. Nilimuuliza kama enzi zile aliweka chochote masikioni. Alicheka, kisha akanyamaza.

Wewe unayepanda matatu yenye muziki wa kutikisa vioo, unayekaa kando ya spika kanisani au kwenye disko, bado una nafasi. Ukilazimika kupaaza sauti ili aliye umbali wa mkono akusikie, kelele imezidi. Simama mbali na spika, toka nje mara kwa mara, na nunua vizibo vya sponji kwenye duka la dawa, pamba haitoshi. Masikio yakivuma baada ya sherehe, yapumzishe siku kadhaa.

Juma lililopita mzee aliniambia filimbi ingalipo, lakini sasa analala. Mjukuu wake alimsomea hadithi nzima, naye akaweza kumuuliza maswali mwishoni.