Adrian Quist na Mchezo wa Wawili Wawili

Wengi wenu mmepata kuuona mchezo wa tenisi, mtu mmoja huku na mmoja huku, na wavu katikati yao. Lakini iko namna ya pili, nayo ni ya watu wanne, wawili kila upande. Leo twataka kuwaeleza habari za mtu aliyepata sifa kubwa katika namna hiyo, Adrian Quist wa Australia.

Urefu wa kiwanja ni futi 78 katika namna zote mbili. Upana wa kiwanja cha mmoja mmoja ni futi 27, bali cha wawili wawili ni futi 36. Basi kila mchezaji ana sehemu ndogo zaidi ya kulinda, hata mtu aweza kudhani kuwa kazi imepungua. Sivyo. Mpira ukija katikati, ni wa nani? Wote wawili wakiuendea, raketi zao hugongana. Kila mmoja akimwachia mwenzake, mpira hupita. Wala hapana nafasi ya kufanya shauri, maana mpira hufika kabla neno halijatoka kinywani. Yawapasa wawe wamekwisha kujuana.

Quist alizaliwa mwaka 1913 katika Australia Kusini. Hakuwa mtu mrefu, lakini alikuwa mwepesi, na karibu na wavu alikuwa hodari sana. Mwaka 1935 yeye na Jack Crawford walishinda mashindano ya wawili wawili ya Ufaransa na ya Wimbledon, Uingereza. Mwaka 1936 na 1937 alishinda yale ya Australia pamoja na Don Turnbull. Tangu mwaka 1938 mwenzake alikuwa John Bromwich, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka mitano na zaidi.

Bromwich alikuwa na mtindo wa ajabu. Mpira wa kuanzia aliupiga kwa mkono wa kulia. Ukimjia upande wa kulia alishika raketi kwa mikono miwili. Ukimjia upande wa kushoto aliupiga kwa mkono wa kushoto peke yake.

Watu hawa walikuwa pia washindani. Katika fainali ya mmoja mmoja ya Australia, Bromwich alimshinda Quist mwaka 1939, na Quist akamshinda Bromwich mwaka 1948. Hata hivyo katika miaka yote miwili walishinda pamoja ule wa wawili wawili. Ushindani haukuwa chuki.

Jaribu lao kubwa lilikuwa fainali ya Kikombe cha Davis, huko Pennsylvania, Marekani, mwanzo wa Septemba 1939. Wakati ule michezo ilikuwa mitano, na taifa lililoshinda mitatu lilipata kikombe. Siku ya kwanza Australia ilishindwa miwili, mmoja wa Quist na mmoja wa Bromwich. Tena tarehe 3 Septemba nchi yao iliingia vitani na Ujerumani. Kama wangalishindwa mchezo wa wawili wawili, mambo yangalikwisha papo hapo. Wakawashinda Jack Kramer na Joe Hunt. Kisha Quist akamshinda Bobby Riggs, bingwa wa Wimbledon wa mwaka ule, na Bromwich akamshinda Frank Parker. Hakuna taifa lililopata kufanya hivyo katika fainali kabla yao.

Vita vilisimamisha mashindano ya Australia tangu 1941 hata 1945. Mwaka 1946 Wamarekani walikitwaa kikombe tena. Lakini katika mashindano ya Australia wawili hawa waliendelea kushinda kila mwaka hata 1950; hivyo Quist alipata ushindi wa mara kumi mfululizo, minane pamoja na Bromwich. Mwaka huo wa 1950 walishinda na Wimbledon pia, kwa seti tatu dhidi ya mbili. Quist alikuwa na umri wa miaka 37, na ilikuwa miaka 15 tangu ushindi wake wa kwanza pale.

Quist alifariki mwaka 1991. Miguu yake ilikuwa imepungua mbio aliporudi Wimbledon, lakini alijua mwenzake atasimama wapi. Kidole kimoja hakivunji chawa.