Tyubu Kuingia Kwa Soketi Si Kusema Ni Yake! Soma Hii Kabla Uchome Amplifaya

Kama uko na amplifaya ya tyubu, ile ya vichupa vya glasi vinavyowaka rangi ya machungwa, unajua ngoma zake hutoka tamu. Noma ni siku tyubu imezeeka na uko sokoni kutafuta ingine. Nyingi zinafanana kama mapacha, na muuzaji atakwambia "hiyo itaingia, boss." Ni kweli itaingia. Swali ni itafanya nini ikishaingia.

Tuanze na ndogo. 12AX7 ndiyo maarufu zaidi. Ulaya huiita ECC83, kwa hivyo usidanganywe ni vitu viwili. Yenyewe hukuza sauti karibu mara 100. Ukiona amplifaya yako ina makali sana, jaribu 5751. Pini ni zile zile, lakini yake ni 70 hivi. 12AU7 pia inaingia, ila iko kama 20 tu. Mara nyingi haitaharibu kitu, lakini utapandisha volyumu hadi mwisho na majirani bado wamelala fofofo.

Sasa mtego ni 6DJ8. Iko na pini 9 kama 12AX7, na inaketi safi kabisa. Lakini pini ya 9, ambayo 12AX7 hutumia kwa hita, kwa hii ni ngao tu. Kulingana na vile soketi imeunganishwa, ama haitawaka, ama hita yake ya volti 6.3 itapewa 12.6. Hapo umezika doo zako, msee.

Zile kubwa ndizo hatari. Hita ya 6L6GC hula ampea 0.9, EL34 hula 1.5. Weka EL34 mbili mahali pa 6L6GC na transfoma inabeba ampea 1.2 zaidi. Kama haikuundwa hivyo, itachemka hadi iungue. Halafu kuna bayasi, yaani kiasi cha umeme tyubu inavuta kabla hata muziki uanze. Amplifaya zingine hujipangia, zingine lazima fundi apime, hata kama umerudisha tyubu ya aina ile ile. Ukiona bamba la ndani limegeuka jekundu, zima saa hiyo hiyo!

Na usifungue boksi mwenyewe. Stima ya nyumba ni volti 240, lakini humo ndani inaweza kupita 400, na kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Hiyo inaua, manze.

Kuhusu majina: Mullard za zamani zilitengenezwa Blackburn, Uingereza, na bei yake iko juu. Mullard za siku hizi hutoka Saratov, Urusi. Jina ni lile lile, kiwanda tofauti. Muulize muuzaji ni ya mwaka gani. Akianza kuzungukazunguka, mpe bei ya mpya.