Selimundu na Uloto wa Ndugu

Enyi akina mama, Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba kila maradhi yana dawa yake. Mtoto mwenye selimundu hakurogwa wala hakupagawa. Amerithi kasoro ya damu kwa baba na mama wote wawili. Damu hutengenezwa na seli shina zilizomo katika uloto, yaani uboho wa mifupa. Tangu mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, huwapandikiza watoto wagonjwa uloto wa ndugu zao unaoafikiana na wao, na mwili wa mtoaji hurudisha kilichotolewa. Gharama ni kubwa na hatari zipo. Basi wagonjwa wasiache dawa za kliniki, na wachumba wapime damu kabla ya nikaha. Wabillahi tawfiq.