Maji Yapite Shamba la Nani?

Mkulima wa bonde la chini la Rufiji ana misimu miwili, na ule wa pili hautokani na mvua inayonyesha shambani kwake. Mpunga hupandwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, ili uwe umeshika vizuri kabla mto haujapanda. Kati ya Machi na Mei maji huvuka kingo, na mpunga uliowahi kurefuka hupanda nayo. Yakishapwa hubaki tope lenye unyevu, na humo hupandwa mahindi, kunde na maboga bila kungoja tone jingine. Hicho ndicho kilimo cha mlau. Mvua iliyolowesha tope hilo ilinyesha mbali sana, kwenye miteremko ya Udzungwa na Nyanda za Juu Kusini, ikateremka Kilombero na kukusanyika Rufiji siku nyingi baadaye.

Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia kwenye dungu, nyumba ya nguzo iliyoinuliwa juu ya shamba. Kutoka huko wanawafukuza viboko na nguruwe, na maji yakija yanapita chini ya sakafu. Maziwa madogo ya uwandani, kama Zumbi na Ruwe, hujazwa upya mto unapofurika na kupata samaki wapya. Mwaka ambao mto haufuriki, mlau haupo na wavuvi wanalalamika. Anachoogopa mkulima huyu ni mafuriko yanayowahi, yanayozidi kimo, au yasiyokuja kabisa.

Nimeanza na Rufiji kwa sababu ubishi wa mafuriko siku hizi umegawanyika kambi mbili zilizochokana. Moja inasema jenga: ukuta, mfereji wa zege, bwawa. Nyingine inasema iachie ardhi kazi yake: panda miti, rudisha vinamasi, uache mto upinde unavyotaka, lima kwa namna ya kuunywesha udongo. Zote mbili huzungumza kana kwamba mafuriko ni kitu kimoja, na kwamba kila mtu anayaogopa kwa kiasi kilekile.

Tutazame kwanza madai ya kambi ya pili, maana ndiyo yanayopendwa zaidi sasa. Mvua ikianguka mlimani huzama ardhini, au hutiririka juu juu, au hurudi angani kupitia majani ya mimea. Makinga maji, matandazo, magogo yaliyolazwa kwenye kijito na kinamasi kilichoachwa bila kuchimbiwa mifereji vyote hufanya kazi moja, nayo ni kuchelewesha. Jumla ya maji haipungui sana, ila hayafiki yote saa ileile. Na kinachobomoa daraja ni kile kilele cha saa chache. Hapo kambi hii iko sahihi, na hesabu zake ni nzuri mradi mvua ni ya wastani. Ikinyesha wiki tatu mfululizo, udongo huwa mtungi uliokwisha kujaa, na kila kinachoongezwa kinamwagika, uwe na msitu usiwe nao.

Kuhusu misitu lipo jaribio la nyumbani ambalo wapenzi wa miti hawalitaji mara nyingi. Kuanzia 1958 hadi 1968 watafiti walipima vibonde viwili milimani karibu na Mbeya, kimoja chini ya msitu wa asili, kingine kikilimwa na wakulima wadogo kwenye miteremko mikali. Mtu yeyote angetabiri kwamba kile kilicholimwa kingetoa gharika wakati wa mvua na kukauka kiangazi. Haikuwa hivyo. Kibonde cha mashamba kilitoa maji mengi zaidi mtoni, hata kiangazi, kwa sababu msitu wenyewe hunywa sana. Na mtiririko wa juu ya ardhi ulikuwa mdogo huko pia, maana udongo wa pale umetokana na majivu ya volkano na unanyonya mvua upesi kuliko inavyonyesha. Peleka jaribio hilohilo kwenye udongo uliomomonyoka wa Kondoa, upate majibu mengine kabisa. Kwa hiyo anayekuja kijijini na miche kabla hajachimba shimo kuuona udongo ulivyo, mimi humtilia shaka.

Uingereza wana mfano ambao kila mtu huutaja. Mji wa Pickering, kaskazini mwa Yorkshire, ulizama mwaka 2007, na ukuta uliopendekezwa ukaonekana ghali mno kwa mji mdogo kama ule. Badala yake waliweka vizuizi vya magogo kwenye vijito vya juu, wakapanda miti, na wakajenga tuta moja kubwa la kuzuia maji kwa muda. Dhoruba ya Desemba 2015 ilipokuja, mji ulinusurika. Makadirio yaliyotolewa baadaye yalisema kilele cha mafuriko kilipungua kwa asilimia 15 hadi 20, na kwamba karibu nusu ya upungufu huo ilitokana na magogo na miti, nusu nyingine na lile tuta. Kambi ya asili hunukuu nusu yake, wahandisi nao yao. Halafu ukumbuke ukubwa: bonde la Pickering halifiki hata kilomita za mraba 100, na bonde la Rufiji linakaribia 177,000. Magogo hayana la kusema kwa mto wa namna hiyo.

Kwa maoni yangu, miti au zege ni swali la pili. La kwanza ni ardhi. Zege husimama mahali pembamba, lakini njia za asili zinataka nafasi, na nafasi hiyo ina mwenyewe. Maji yaliyocheleweshwa lazima yakae mahali fulani yakingoja zamu yao, na mahali hapo pana mpunga wa mtu, malisho ya mtu, au kaburi la babu wa mtu.

Waholanzi walilielewa jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1995 mito ilipofura, watu wapatao 250,000 walihamishwa kwa kuhofia matuta kukatika. Baadaye wakaanzisha mpango wa kuipa mito nafasi: zaidi ya maeneo 30, kiasi cha euro bilioni 2.3, matuta yakisogezwa nyuma na maji kuruhusiwa kutanda. Bonde moja la mashamba, Overdiepse Polder, lilichaguliwa kuwa njia ya maji wakati wa mafuriko makubwa. Wakulima wa pale hawakungoja kuamuliwa. Walileta mpango wao wenyewe: waliotaka kuondoka walipwe, na waliobaki nyumba na mazizi yao yajengwe upya juu ya vichuguu vya udongo. Serikali ilikubali, na mashamba manane yakabaki. Mrufiji akiona picha za nyumba zile hatashangaa hata kidogo. Ni dungu la watu wenye bajeti.

Kwetu historia ya kutengeneza ardhi kwa manufaa ya mto imekwenda vingine. Milima ya Uluguru ndiko unakoanzia mto Ruvu, na miaka ya 1950 wakoloni waliwalazimisha wakulima wa huko kuchimba matuta ya ngazi. Kitaalamu wazo lilisikika vizuri. Ila kazi ilikuwa nzito, udongo wenye rutuba ulifukiwa chini na ule mfu ukaletwa juu, na mazao yakadhoofika. Julai 1955 watu walichachamaa huko Matombo, damu ikamwagika, na mpango ukatupwa. Machakos, Kenya, nako matuta ya kulazimishwa yalichukiwa, lakini baadaye wakulima walichimba matuta ya fanya juu kwa hiari, walipoona yanawaletea mazao ya kuuza Nairobi. Mlima haukubadilika, wala jembe. Kilichobadilika ni nani anayevuna.

Mfano wa Usangu, juu kabisa katika bonde la Rufiji, ni wa karibu zaidi. Tangu miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu ulianza kukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na mwaka 2006 serikali iliamuru wafugaji waondoke ili kinamasi cha Ihefu kipone. Watafiti walikuwa wamekwisha kueleza kwamba mifereji ya umwagiliaji iliyo juu ya kinamasi, yenye kuchukua maji mpaka kiangazi, ilichangia zaidi kuukausha mto kuliko kwato za ng'ombe. Lakini ng'ombe anaonekana kwenye picha, mfereji hauonekani. Wafugaji wengi walielekezwa kusini na mashariki, wengine wakaishia Rufiji, kwenye mashamba ya mlau, na ugomvi wa mkulima na mfugaji ukawafuata huko. Kinamasi kilikusudiwa kuokolewa upande mmoja wa bonde, gharama ikatua upande wa pili.

Na Warufiji wenyewe walikuwa wamekwisha kuhamishwa mara moja. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwatoa uwandani na kuwapeleka vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Nia ilikuwa kuwaokoa. Lakini mashamba yalibaki bondeni, na wengi waliendelea kushuka kila msimu na kulala madunguni, kwa mwendo mrefu kuliko zamani.

Sasa juu yao kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022 na kuwasha mtambo wa kwanza Februari 2024. Wiki chache baadaye mvua za El Nino ziliizamisha Rufiji na Kibiti, na ubishi ukalipuka: bwawa limeyaleta mafuriko, au limeyapunguza? Serikali ilijibu kwamba limeyapunguza. Tatizo la msingi liko ndani ya kazi ya bwawa lenyewe. Bwawa la umeme linapenda kujaa, na bwawa la kuzuia mafuriko linapenda kubaki tupu likisubiri. Moja haliwezi kuwa yote mawili kwa ukamilifu, na mvua inapolikuta limejaa halina budi kupitisha karibu kila kinachoingia.

Lipo jambo la kati ambalo kambi zote mbili hulitaja kwa shingo upande: kuachilia mafuriko kwa makusudi. Kaskazini mwa Kameruni, bwawa la Maga la 1979 liliukausha uwanda wa Logone. Mwaka 1994 mkondo mmoja uliozibwa ulifunguliwa tena kwa majaribio, na nyasi za malisho, samaki na ndege wakarudi. Rufiji ingeweza kufanyiwa hesabu ya namna hiyo, ingawa si yote yangerudi. Mashapo yaliyokuwa yakirutubisha tope sasa yanatua ndani ya bwawa, na maji yanayotoka chini yake ni mepesi, yenye njaa ya kula kingo. Mikoko ya delta nayo inategemea udongo huohuo. Unyevu, hata hivyo, unaweza kuachiliwa, na hapo tarehe ni muhimu kama kiasi. Maji yakipanda Aprili mpaka kuvuka kingo na kuyafikia maziwa, ni mlau na ni samaki. Maji hayohayo yakifunguliwa Juni, kwa sababu gridi ilihitaji umeme au bwawa lilijaa ghafla, yanaukuta mpunga uko mbioni kuvunwa.