Siku 10 za Mbalamwezi

Katika banda lake sokoni Mkuyuni, jijini Mwanza, mama mmoja anayeuza dagaa ametundika kalenda ya msikiti. Yeye ni Mkristo, na Jumapili hafungui mpaka atoke kanisani. Kalenda hiyo aliitafuta kwa sababu moja tu: pembeni ya kila tarehe imechapwa, kwa tarakimu ndogo, tarehe ya Kiislamu, na tarehe hizo hufuata mwezi wa angani. Akiona 14 anajua usiku huo ziwa litakuwa jeupe. Siku nne au tano kabla yake, na nyingine kama hizo baada yake, amezizungushia kalamu nyekundu.

Kwa mtu wa Mwanza hilo halina haja ya maelezo marefu. Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai na sasa nyingi za sola, dagaa wakafuata mwanga na wavu ukawazingira. Mwezi ukiwa mpevu, taa haiwavuti tena, na mitumbwi hupumzika kwa takribani siku 10. Huko kwenye soko la Mwaloni Kirumba, ukishavuka mpaka wa wilaya ya Nyamagana kuingia Ilemela, mzigo hupungua na bei hupanda. Mwenye mtaji mdogo akinunua kwa bei hiyo, habakiwi na kitu.

Kila anayeishi kando ya ziwa analijua hilo tangu utotoni. Ila kulijua ni jambo moja, na kulitia kwenye hesabu ya biashara yako ni jambo jingine, na hapo ndipo nimeona watu wengi wenye bidii wakianguka.

Tuchukue mfano wa muuzaji mwenye mtaji wa shilingi 400,000. Siku za giza anauza vizuri: akishatoa nauli, ushuru na mifuko, anabaki na faida ya 15,000 kwa siku. Nyumbani anatumia 12,000: chakula, mkaa, nauli za watoto, dawa za hapa na pale. Anajiona yuko salama, kwa kuwa kila jioni matumizi yake ni madogo kuliko faida, na ana haki ya kujiona hivyo. Lakini siku za kuuza ni 20, na faida yake ya mwezi ni 300,000. Siku za kula ni 30, na matumizi yake ni 360,000. Kila mwezi 60,000 zinatoka kwenye mtaji bila mtu kuziona zikitoka. Kabla ya mwezi wa saba kwisha, zile 400,000 hazipo tena.

Hakuna siku hata moja aliyouza kwa hasara, na mtaji umekatika.

Hapo ndipo maneno huanza. Utasikia ni chuma ulete, kwamba kuna mtu ananunua kwake kwa noti yenye mambo yake, ikiingia kwenye droo inaondoka na nyenzake. Sina moyo wa kumcheka anayesema hivyo. Mtu aliyeamka saa 10 alfajiri kwa miezi saba, na kila jioni akarudi na faida mkononi, akikuta mfuko mtupu lazima atafute aliyemwibia. Ningependa tu kabla ya kumtazama jirani kwa jicho baya, akae na kalamu azidishe 12,000 mara 30.

Mama wa Mkuyuni alijipangia posho ya 9,000 kwa siku na hagusi zaidi ya hapo, mbalamwezi iwe isiwe. Kinachosalia hununulia dagaa wakavu wakati wa giza, wakiwa bei ya chini, na kuwaweka akiba. Siku zile nyekundu zikifika, wenzake wamefunga na yeye ana cha kuuza, tena kwa bei nzuri. Masika anageuza mpango: kuanzia Machi dagaa hawapati jua la kuwakausha, walionyeshewa huharibika na huishia kuuzwa kama chakula cha kuku, kwa hiyo hapo haweki akiba kubwa. Haya yote yamo katika kurasa nne za daftari la shule. Huo ndio mpango wake wa biashara, na sijaona ulio bora kuuzidi.

Nasema hivi kwa sababu neno lenyewe limeharibiwa. Ukimwuliza mfanyabiashara mdogo kuhusu mpango wa biashara, atadhani unamuulizia andiko, zile karatasi za kuombea mkopo. Halmashauri kwa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha nzuri, na kikundi hutakiwa kuonyesha mradi wake kwa maandishi. Tatizo ni kwamba andiko hilo mara nyingi huchapwa steshenari na mtu asiyejua biashara yenyewe. Kikundi kimoja cha akina mama kiliwahi kuniomba nikisomee andiko lake. Wao ni mafundi cherehani. Ukurasa wa sita uliahidi mapato ya mayai. Kijana aliyewachapia alikuwa amebadilisha jina la kikundi tu kwenye andiko la wafuga kuku, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amelisoma hadi mwisho. Walikuwa wameshalilipia. Niliumia, maana wanawake wale wanajua bei ya kila mita ya kitenge na miezi ambayo sare za shule hutoka, lakini hakuna aliyewauliza.

Daftari hulipa hata mbele ya mamlaka ya mapato. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyoanza mwaka 2019, mwenye mauzo ya shilingi milioni 9 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu hutozwa 250,000. Mwenye kumbukumbu hutozwa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, jumla 150,000. Tofauti ni 100,000, na daftari lenyewe halifiki bei ya mlo mmoja wa mama lishe.

Kuna mabadiliko ambayo hayarudi kila mwezi kama mbalamwezi. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 19, 2025, likiwa na urefu wa kilomita 3, na abiria wa Sengerema na Geita hangojei tena kivuko. Kwa mfanyabiashara wa Nyamagana, wateja wamesogea karibu, na washindani pia. Kwa wale waliowauzia abiria mahindi, maji na karanga kwenye foleni, foleni yenyewe ndiyo ilikuwa duka. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019, na nguzo zilionekana zikipanda mwaka hadi mwaka. Miaka mitano ni muda wa kutosha kuweka 500 kila siku na kutafuta kibanda kwingine, lakini nani aliwaketisha akawaambia? Semina za wajasiriamali ni nyingi mjini. Ningefurahi kuona moja tu ikifanyika chini ya mwembe kando ya kivuko, kila mtu na daftari lake, swali likiwa hili: daraja likiisha, utamuuzia nani?

Siku niliyopita Mkuyuni, ulikuwa mwanzo wa jioni na duara jekundu la kwanza lilikuwa limebakiza siku 3. Chini ya meza kulikuwa na magunia mawili ya dagaa wakavu juu ya chaga ya mbao, yamefunikwa turubai yasipate unyevu. Akaja mteja kwa haraka, akataka gunia zima kwa bei ya siku hiyo, fedha taslimu. Mama aligeuka akaitazama kalenda. Akamwomba radhi, akampimia sado tatu za mezani, na turubai akaliacha lilivyokuwa.